Chai ya Jumuiya, Mbalamwezi na Sufuria za Usharika

Sharika nyingi za kandokando ya ziwa huku Mwanza hazigombani juu ya mafundisho. Ni nadra watu wa Igombe au Kirumba kununiana kwa sababu ya Utatu Mtakatifu. Hununiana kwa sababu ya chai. Hununiana kwa sababu ya funguo za stoo, kwaya ipi itangulie kabla ya neno, jina lililotajwa siku ya mavuno na lile lililorukwa, na turubai lililokwenda zima kwenye msiba wa mzee wa kanisa lakini ulipotokea msiba wa mvuvi likasemekana limechanika. Mahubiri ya upendo yana nafasi yake, wala hatuyabezi. Ila sisi tuliokalia mabenchi ya kamati miaka mingi tumeona kwamba watu wazuri kabisa hugeuka wachoyo pale utaratibu unapokosekana, na hao hao hutoa bila kusukumwa utaratibu ukiwapo.

Tuanze na chai, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko yote.

Jumuiya inayotembea vizuri ina kaya 12 hadi 15. Zikizidi 20 watu hawajuani tena, mgonjwa anakaa wiki mbili ndani bila kutembelewa kwa kuwa kila mmoja anadhani mwingine ameshakwenda. Sala huzunguka nyumba kwa nyumba. Wiki ya kwanza mwenyeji anatoa chai ya rangi na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Wiki ya pili mama mwingine anaongeza maandazi. Ya tatu ni chapati na chai ya maziwa. Ya nne zamu iko kwa mwalimu aliyepokea mshahara juzi, kuna pilau na soda. Hapo hakuna aliyekusudia mashindano. Wiki ya tano zamu inamfikia mama anayeanika dagaa kwa ujira wa siku, na jioni unaingia ujumbe kwenye simu ya mwenyekiti: "Naombeni tuahirishe, nimepata mgeni." Mgeni hayupo. Zamu inarukwa, anaonewa huruma, na huruma hiyo ndiyo inayomfukuza. Baada ya miezi michache haji hata kwa jirani, kwa kuwa amekula kwa wenzake na hajawalisha. Ukiwauliza wenzake, watakwambia dada amepoa kiimani.

Kinachosaidia ni jumuiya kukaa mara moja na kuandika kwenye daftari: maji ya kunywa, au chai ya rangi na kitafunwa kimoja cha shambani, basi. Anayetamani kutoa zaidi apeleke kwa mgonjwa kimyakimya. Hoja hii ni lazima itolewe na mwenye uwezo, na awe wa kwanza kuitii nyumbani kwake. Ikitolewa na maskini inasikika kama malalamiko na wenzake watamwonea soni. Kwa kawaida kanuni huvunjwa Desemba, ndugu wa kutoka Dar wanapokuwa wamejaa ndani na mwenye nyumba hataki waione meza tupu. Mwenyekiti akumbushe wiki moja kabla, si siku yenyewe sahani zikiwa mezani.

Kwa waliojenga juu ya mawe, Igogo na Mabatini, kuna jambo la ziada. Nyumba ya bibi iko juu kabisa, na njia ni ngazi za kuchonga na majabali. Jumuiya nyingi hukutana chini kwa urahisi wa walio wengi, na bibi anahesabiwa kuwa anasali nyumbani. Pangeni mkutano mmoja katika kila minne uwe juu kwake. Wenye magoti mazima wapande.

Sasa mwezi. Hapa ndipo wachungaji wanaohamishiwa huku kutoka sehemu zisizo na ziwa hupotea, na si kosa lao. Kalenda ya usharika wa mjini inafuata mishahara, lakini watu wa mwaloni, pale ufukweni samaki wanapopakuliwa, wanafuata giza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina maana mbalamwezi inapong'aa. Kwa hiyo siku za giza wanaume hawapo: usiku wako majini, asubuhi wanapakua, mchana wamelala. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika karibu wiki nzima, wanashona nyavu, wanasalimia watu, wanakuja kanisani. Mkutano mkuu wa usharika ukipangwa "Jumapili ya pili ya mwezi" bila kutazama juu angani, nusu ya mwaka mtaamua mambo bila wavuvi, kisha mtashangaa wao kusema kanisa ni la wafanyakazi wa ofisini. Karani wa usharika aandike tarehe za mwezi mpevu za mwaka mzima ubaoni, na mambo yanayohitaji kura yawekwe ndani ya siku 3 kabla au baada yake. Kazi hiyo ni ya dakika 20 kila Januari.

Michango nayo ina misimu yake. Mfanyakazi ana fedha mwisho wa mwezi. Mvuvi wa dagaa ana fedha giza linapoisha, baada ya gharama kutolewa na mgao kupigwa. Mkulima wa huku Magu au Misungwi huwa mkavu hadi pamba inunuliwe kuanzia Mei hivi, au mpunga uvunwe. Mkiweka siku moja ya ahadi kwa wote, kuna kundi litakaloonekana bahili kila mwaka, kumbe siku tu ndiyo imewaelemea. Wekeni dirisha la miezi 3 na mlifunge kwa pamoja. Kiasi kitakachopatikana pengine kitakuwa kile kile, lakini hakuna atakayesimama mbele ya wenzake akiwa na mfuko mtupu.

Kuhusu kuhesabu sadaka tusichukue muda mrefu, linajulikana, ingawa bado linaleta aibu mahali pengi. Wahesabu watatu au zaidi, wasiwe wa ukoo mmoja, ndani ya kanisa, kabla mtu hajaondoka, na karatasi isainiwe na wote. Jumla isomwe Jumapili inayofuata. Fedha za simu ziingie kwenye lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la usharika, siyo laini ya mtunza hazina, hata kama ni mtu mwaminifu kuliko wote. Paulo mwenyewe alipobeba mchango wa kwenda Yerusalemu hakwenda nao peke yake, akasema wazi kwamba anataka kuepuka lawama. Mtunza hazina anayekasirika akiombwa mwenzake wa kuhesabu naye hana budi kuelezwa kwamba utaratibu huo unamlinda yeye.

Ila kusoma majina na kiasi, hapo tuna ugomvi na desturi. Orodha inaanza na wa laki mbili, makofi, wa laki moja, makofi, inashuka, inashuka, mpaka "mama fulani, mia tano", na kanisa linakaa kimya au, vibaya zaidi, mtu anacheka. Wanaotetea mtindo huu wanasema unaleta fedha haraka, na ni kweli unaleta. Unaleta fedha za watu 10 na kupoteza watu 40. Someni jumla ya kila jumuiya tu. Mwenye swali juu ya fedha yake aone stakabadhi kwa karani.

Tajiri, kwa lugha ya mwaloni, ni mwenye mtumbwi na nyavu. Wavuvi ni watu wake. Jumapili wote wanakaa chini ya bati moja, na hilo ni jema. Lakini tajiri akiwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi na wavuvi wake wawili wakiwa wajumbe, msijidanganye kwamba mna wajumbe watatu. Mna mmoja. Hali ni hiyo hiyo kwa mwalimu mkuu na walimu wake, na kwa baba na vijana wake. Mambo mawili hupunguza tatizo hili. La kwanza, mwenyekiti azungumze mwisho, na mazungumzo yaanze na mdogo kuliko wote kwa cheo au umri. Tumeona maamuzi yakigeuka kabisa kwa kubadili mpangilio wa kusema tu. La pili, matumizi yoyote yanayozidi kiwango mlichokubaliana yapigiwe kura ya karatasi, hata mkiwa wajumbe 7. Wenyekiti wengi huona kura ya karatasi kama dharau kwao. Iwekwe kwenye kanuni kabla ya kuwapo mgogoro wowote, isije ikaonekana imeletwa kwa ajili ya mtu.

Mnada wa baada ya ibada unastahili kutazamwa kwa karibu, maana pale ubinafsi na ukarimu hutoka mlango mmoja. Vitu vimepangwa mbele ya madhabahu: kuku aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi, sado ya mahindi, mayai kwenye kikapu, fungu la mchicha lililoanza kunyauka. Mnadishaji mchangamfu anaanza na kuku kwa sababu kuku anachekesha. Wakubwa wawili wanapandishiana, mmoja anashinda, anasema "namrudisha mezani", anauzwa tena. Kuku mmoja ameuzwa mara nne na kanisa limeshangilia. Hapo hakuna ubaya wowote. Ubaya unakuja dakika 30 baadaye, jua limepanda, watu wamechoka, na mchicha wa mjane unaondoka kwa shilingi mia mbili katikati ya watu wanaokusanya viti. Yule mjane yuko palepale anaangalia.

Kwa hiyo mnadishaji aanze na vidogo, watu wakiwa bado wana hamu. Mboga, ndimu na mayai viunganishwe kuwa kikapu kimoja ili kipate bei ya heshima. Asitaje nani kaleta nini. Na ile desturi ya mnunuzi kumkabidhi mchungaji kila alichonunua iwekewe kikomo, maana kila Jumapili mchungaji anaondoka na kuku watatu na minong'ono sita. Kitu kilichonunuliwa na kurudishwa kiende kwa mtu ambaye mashemasi wamemwandika wiki hiyo: aliyejifungua, aliyetoka hospitali ya Bugando, aliyepotelewa na nyavu. Mnada mzima usizidi dakika 25.

Lugha nayo ni mlango. Mwanza ni ya Wasukuma kwa wingi wa watu, lakini mwaloni utakuta Wajita, Wakerewe, Wakara, Wazinza, Wahaya, Wakurya na Waha. Ni kawaida kikao kuanza kwa Kiswahili, kisha mtu akatupia utani kwa Kisukuma, watu sita wakacheka na wawili wakatabasamu bila kuelewa. Wale wawili hawatasema neno. Watarudi nyumbani wakijua kwamba mambo ya kweli husemwa kwa lugha nyingine. Kanuni yetu ni fupi: chochote kinachohusu fedha, uongozi au mtu, kisemwe kwa Kiswahili. Salamu, nyimbo na vigelegele, kila mtu na lugha yake. "Mwangaluka" haijamfukuza mtu kanisani. Bibi asiyesikia Kiswahili vizuri akae na mjukuu wa kumtafsiria, na mwenyekiti angoje tafsiri iishe kabla ya kuendelea.

Linapotokea lalamiko la kabila kupendelewa, na litatokea, someni tena Matendo sura ya 6 kama watu wa kamati. Wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakutoa hotuba kuhusu umoja. Waliomba wachaguliwe watu saba, na majina ya hao saba, tangu Stefano na Filipo hadi Nikolao aliyekuwa mwongofu wa Antiokia, yote ni ya Kiyunani. Kijiko cha kugawia kilikabidhiwa upande uliolalamika. Sharika nyingi hufanya kinyume: zinaunda kamati ya kuchunguza malalamiko na kuijaza wale wale waliolalamikiwa.

Kwaya. Mkoa huu unapenda kwaya, na penye kipaji pana wivu. Chanzo kikubwa cha magomvi ni muda. Kwaya tatu, kila moja nyimbo tatu, na mwimbaji mmoja akishuhudia katikati, mahubiri yanaanza saa sita. Kisha kwaya ya mwisho inakatwa, na kila mara inayokatwa ni ya watoto au ya akina mama wazee. Kila kwaya ipewe dakika 8 zinazopimwa kwa saa, na mpangilio uzunguke: aliyetangulia leo anafunga wiki ijayo. Chanzo cha pili ni sare. Kitenge kipya kila Pasaka na kila Krismasi kinawaondoa waimbaji kimyakimya. Sare moja kwa miaka miwili inatosha, ilipwe kidogo kidogo kwa miezi 6, na mwenye duka asiwe mwanakwaya. Chanzo cha tatu ni spika za mtu. Ndugu mwenye vyombo anavileta kanisani kwa moyo mweupe kabisa, mpaka siku anapokosana na mwalimu wa kwaya, na Jumapili hiyo kanisa linaimba kwa makofi. Vyombo vya kuazima viandikiwe karatasi: vimeazimwa mpaka lini, nani anatengeneza vikiharibika. Asiyetaka kuandika, ashukuriwe, na mwimbe kwa makofi tangu mwanzo.

Watu wawili wakikosana, Mathayo 18 imetoa hatua, lakini huku kwetu hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa zaidi. Mtu anakwenda moja kwa moja kwa mchungaji, au anatuma sauti ya dakika nne kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku. Msimamizi wa kundi aifute na ampigie simu, asimjibu kundini. Aliyekosewa ana siku 7 za kumwendea mwenzake ana kwa ana, mchana, mahali ambapo si kwa huyu wala kwa yule. Isipotatuliwa, shahidi achaguliwe na wote wawili. Mzee wa kanisa aliye shemeji wa mmoja wao ajitoe mwenyewe bila kungoja kuambiwa. Na mhubiri asipige vijembe mimbarani. Watu wanajua anasemwa nani, na aliyesemwa hana nafasi ya kujibu.

Inafaa pia kuangalia ni akina nani wanaokosana. Euodia na Sintike, wale wanawake wa Filipi ambao Paulo aliwataja kwa majina, walikuwa wametaabika pamoja naye katika Injili. Wavivu hawagombani kanisani, hawana cha kugombania. Ukiona ugomvi mkali, mara nyingi umekutana na wachapakazi wawili waliopewa kazi moja bila kuwekewa mpaka. Anayenunua sukari asiwe anayeigawa, na wote wawili wajue hivyo mapema. Hata Paulo hakuwaacha wanawake wale wamalizane wenyewe. Alimwomba mtu wa tatu awasaidie.

Yote hayo hupimwa msibani. Watu wa ziwa hili wanajua msiba wa pamoja: kuzama kwa MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na kwa MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, tarehe 20 Septemba 2018. Siku kama hizo hakuna anayeuliza dhehebu wala kabila. Shida ni misiba midogo ya kila mwezi, pale mama wa mzee wa kanisa anapopata magari matatu na kwaya mbili, na kibarua wa mtumbwi aliyekuja kutoka Kigoma, asiye na ndugu hapa, anapata wimbo mmoja na jeneza la haraka.

Andikeni kiwango cha chini kilicho sawa kwa kila muumini, na familia yenye uwezo iongeze ya kwake juu ya hapo. Kwa mlo mmoja wa watu 150, hesabu inayofanya kazi ni unga wa sembe kilo 40, maharage kilo 15 au dagaa wakavu kilo 8, mafuta lita 3, sukari kilo 4, majani ya chai gramu 300. Turubai moja, viti, sufuria kubwa nne, ndoo za maji sita. Akiba ya stoo iwe mahindi makavu, kwa sababu unga huingia wadudu na kuchacha. Hata hivyo unga kilo 40 uwepo daima na ubadilishwe kila mwezi, maana msiba hutokea usiku na mashine ya kusaga imefungwa. Ndani ya saa 3 za kwanza watu wawili wawe wamefika: mmoja wa kukaa na wafiwa, mwingine wa kuuliza kinachohitajika. Wasiwe mtu mmoja, kwa kuwa anayehesabu sufuria hawezi kumshika mtu mkono.

Aliyezama ni jambo jingine. Mwili unaweza kuchukua siku 2 au 3 kuonekana, na watu hawaondoki ufukweni. Wapishi wasiotahadharishwa hupika vyote siku ya kwanza, na siku ya tatu, maiti inapoletwa, hakuna hata chai. Gaweni akiba mara tatu tangu mwanzo. Kwa mvuvi asiye na ndugu, jumuiya ya mwalo ule ndiyo wafiwa: wao ndio wanaokaa kwenye mkeka, wao ndio wanaopokea rambirambi na kuzituma kwao pamoja na nguo zake na sehemu yake ya mgao wa mwisho. Kwa ajili ya mgao huo mzee wa kanisa amwendee tajiri mapema, kwa adabu, kabla hesabu ya giza lile haijafungwa.

Funguo za stoo washike watu wawili wanaokaa pande tofauti za mtaa, na mmoja awe karibu na ziwa. Sufuria zipakwe namba kwa rangi ya mafuta, juu na kwenye mfuniko, maana mifuniko hupotea kuliko sufuria. Daftari liwe na safu nne: namba, imekwenda wapi, imerudi lini, hali yake. Sufuria namba 3 ikirudi imeungua chini, karani aandike "imeungua". Jina la nyumba iliyofiwa asiliandike hapo, na kazi ya kuikwangua kwa mchanga wa ziwa waifanye jumuiya ya zamu, wanaume wakiwamo.